Maswali ya Wasomaji: Zamu ya Kwanza Bila Msimamizi

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka kwa madaktari wapya waliopangiwa vitengo vya dharura kando ya Ziwa Victoria, wengine wametoka intern juzi tu, wengine wamemaliza ubingwa. Tumechagua chache, na tukaongeza mbili ambazo hazikuandikwa na madaktari. Dozi tulizotaja ni za mtu mzima, isipokuwa pale tuliposema ni za mtoto. Kama hospitali yako ina mwongozo wake, huo ndio unaotangulia.

Nimemaliza mwaka wa intern na nimepangiwa Ukerewe. Usiku nitakuwa daktari pekee, pamoja na muuguzi mmoja. Nijiandae vipi kabla ya zamu ya kwanza? (Daktari, Nansio)

Hongera, na karibu kisiwani. Vitabu viache kwanza. Nenda kitengoni mchana, siku moja kabla ya zamu yako, umwombe muuguzi akupitishe kwenye kila kifaa, nawe ukishike mwenyewe. Kuonyeshwa kwa kidole hakutoshi. Mashine ya kunyonya makohozi iwashe, uzibe mpira kwa dole gumba: mshale usipopanda, kuna mahali panavuja, mara nyingi kwenye mfuniko wa chupa. Ambu begi, ule mfuko wa kumpulizia mgonjwa hewa kwa mkono, izibe mdomo kwa kiganja kisha uiminye. Ikinywea kirahisi, vali imekufa. Angalia kama barakoa ya mtoto mchanga ipo na inaingia kwenye begi hiyohiyo. Vijiti vya kupimia sukari jaribu kimoja kwenye mashine iliyopo, maana vijiti vya aina moja havikubali mashine ya aina nyingine, na jambo hilo hugundulika saa tisa usiku mtoto akiwa anadegedeka.

Uliza funguo. Nani ana ufunguo wa kabati la dawa baada ya saa za kazi? Wa friji ya damu je? Jenereta huwashwa na nani, na huyo mtu analala wapi?

Swali la jenereta linahusu oksijeni moja kwa moja. Mashine inayozalisha oksijeni kutoka hewani husimama umeme unapokatika, kwa hiyo mtungi wa akiba uwe umeshafungwa geji, na spana yake iwe imefungwa kwa kamba kwenye mtungi wenyewe. Spana ikiwekwa "mahali salama" haitaonekana.

Kwa mtu wa kisiwani hesabu ya mtungi ni muhimu kuliko hesabu nyingi za dawa. Soma ujazo wa mtungi uliopigwa chapa shingoni, uzidishe kwa shinikizo linaloonyeshwa na geji kwa ba (kizio cha shinikizo). Mtungi mdogo wa lita 10 unaosoma ba 100 una lita 1,000 za oksijeni. Toa ba 20 za akiba usizozigusa, unabaki na lita 800. Mgonjwa anayetumia lita 10 kwa dakika ataumaliza kwa dakika 80. Sasa linganisha dakika 80 na safari yako: kutoka wodini hadi kivukoni, kusubiri, kuvuka Rugezi hadi Kisorya, kisha barabara ya kwenda Bunda, au meli hadi Mwanza. Mtungi hautoshi, na utakuishia katikati ya maji. Mgonjwa huyohuyo akivumilia kuhamishiwa kwenye mirija ya puani kwa lita 4, huku kipimo cha oksijeni cha kidoleni kikibaki 92 au zaidi, lita zilezile 800 zinakwenda dakika 200. Madaktari wapya wengi humfungulia kila mtu lita 15 kwa hofu. Punguza taratibu ukiwa bado wodini, kaa naye nusu saa, ndipo ujue anahitaji kiasi gani njiani.

Ratiba ya vivuko ibandike ukutani, pamoja na namba ya simu ya mtu wa kivukoni anayepokea usiku. Kwa mama mjamzito na mtoto mchanga, namba ya kuomba usafiri wa dharura ni 115, haina malipo. Namba hiyo iwe kichwani mwako.

Nampigia bingwa simu lini? Nikipiga mara nyingi nitaonekana sijui kazi. Nisipopiga naogopa. (Daktari, Ilemela)

Weka mipaka kabla ya zamu ili usiamue kwa aibu. Sisi tungepiga kwa kila mgonjwa anayehitaji uniti ya pili ya damu, kila aliyewekewa mpira wa kupumulia kwenye koo la hewa, kila mjamzito anayetokwa damu, kila anayerudi na tatizo lilelile ndani ya saa 72, na kila mara muuguzi mzoefu anaposema "daktari, huyu simwelewi" hata kama vipimo vyote vimekaa sawa. Hilo la mwisho lina thamani kubwa kuliko linavyoonekana.

Kinachowaudhi mabingwa ni simu isiyo na ombi, wala si wingi wa simu. Kijana anaanza na kikohozi cha wiki iliyopita, anapita kwenye historia ya ndoa, na dakika ya tatu aliyeamshwa bado hajui kama anatakiwa kuvaa viatu. Salimia, taja ombi, kisha toa sababu:

"Shikamoo daktari. Naomba uje, nadhani huyu anahitaji upasuaji sasa hivi. Kijana wa miaka 24, amegongwa akiwa kwenye bodaboda saa moja iliyopita. Presha 80 kwa 50, mapigo 136. Ultrasaundi inaonyesha damu tumboni. Ameshapata uniti mbili za damu na gramu 1 ya asidi ya traneksamiki. Timu ya chumba cha upasuaji nimeshaiita."

Ni sekunde ishirini. Ukijibiwa "mfuatilie hadi asubuhi" na moyo wako haukubali, usibishane na usinyamaze. Sema: "Sawa daktari, naomba nikusomee tena namba zake," uzisome, kisha uliza presha ikishuka hadi ngapi nipige tena. Andika kwenye faili jibu ulilopewa na saa uliyopewa. Hali ikiwa bado inakutisha, anayefuata ni mganga mfawidhi. Kumpigia si kumshtaki mtu, ni ngazi iliyopo kwa kazi hiyo.

Nimemaliza ubingwa wa magonjwa ya dharura, miaka mitatu, na nimerudi hospitali ya mkoa. Nilikojifunzia kulikuwa na mashine za kupumulia. Hapa ICU (wodi ya wagonjwa mahututi) ina vitanda vichache na mara nyingi vimejaa. Nitumie vigezo gani kuweka mpira wa hewa? (Bingwa mpya, Musoma)

Vigezo vya mwili havibadiliki. Kuna swali moja ambalo mwalimu wako alikuwa akilijibu bila wewe kulisikia: nani atabana begi kwa saa sita zijazo? Mafunzo ya ubingwa huu nchini yalianzia Muhimbili mwaka 2010, na ni kawaida bingwa kuondoka chuoni akiwa amezoea idara yenye watu wa kutosha. Kwenye hospitali yenye muuguzi mmoja kwa vitanda kumi, mpira mmoja wa hewa unaondoa mikono miwili kwa wagonjwa wengine wote. Kwa hiyo piga simu ya kuomba kitanda kwanza. Huku ukisubiri jibu, mlaze mgonjwa kwa ubavu, fungua njia ya hewa, nyonya makohozi, tumia mrija wa mdomoni na begi kwa mikono miwili. Wengi waliolewa, waliotoka kwenye degedege au wenye sukari ya chini huamka bila kuwekewa chochote.

Lakini anayehitaji mpira anahitaji, na hapo kosa tunaloliogopa zaidi ni kumlaza kwa dawa mgonjwa ambaye presha yake tayari iko chini. Dawa ya usingizi inaondoa nguvu ya mwisho iliyokuwa imeishikilia mishipa, na begi linapoanza kusukuma hewa kifuani, damu inayorudi kwenye moyo inapungua. Moyo unasimama dakika mbili baada ya mpira kuingia vizuri kabisa. Pandisha presha kwanza: damu kama anatokwa damu, maji kama amekauka. Tayarisha adrenalini hafifu, yaani miligramu 1 ndani ya mililita 100 za maji ya chumvi, ambapo kila mililita inabeba mikrogramu 10. Andika lebo kwa herufi kubwa kabla ya kuweka sindano mezani, kisha toa mililita 1 kila mara presha inapoyumba. Ketamini, dawa ya usingizi, punguza hadi miligramu 0.5 kwa kilo, ambayo kwa mtu wa kilo 60 ni miligramu 30 badala ya 90 ulizozoea. Suksamethoniamu, dawa ya kulegeza misuli, usiipunguze, ipandishe hadi miligramu 1.5 au 2 kwa kilo, kwa sababu damu ikizunguka polepole dawa inachelewa kufika kwenye misuli. Na kabla ya yote hayo, mwambie muuguzi kwa sauti mpango wa pili mpira ukikataa kuingia.

Mtoto mwenye homa kali, mikono baridi, anapumua kwa taabu. Nimfungulie dripu haraka kama nilivyofundishwa? (Daktari, Misungwi)

Hapana, kama hana kuhara wala hakuna upungufu wa maji. Utafiti wa FEAST, uliofanyika Kenya, Uganda na Tanzania na kuchapishwa 2011 ukiwa na watoto 3,141, ulionyesha kwamba waliopewa maji mengi kwa haraka walikufa zaidi ndani ya saa 48: zaidi kidogo ya asilimia 10, dhidi ya 7.3 kwa ambao hawakupewa. Watoto hao wanafanana kabisa na wa Misungwi. Pima sukari, pima damu, anza atesuneti ikiwa malaria imethibitishwa, anza antibayotiki. Hemoglobini ikiwa chini ya 4, au chini ya 6 huku anapumua kwa taabu, kinachomwokoa ni damu, mililita 20 kwa kilo za damu nzima. Mtoto wa kuhara aliyekauka ni habari nyingine, huyo maji ni haki yake.

Wagonjwa wanaotapika damu hapa ni wengi, na wote huandikiwa vidonda vya tumbo. Nimhamishe nani na nimwache nani? (Daktari, Magu)

Ukanda huu wa ziwa una jibu lake. Kijana mvuvi, hanywi pombe, bandama imevimba hadi karibu na kitovu, anatapika damu nusu beseni: fikiria kichocho cha tumbo kabla ya vidonda. Mayai ya vimelea hukwama kwenye vimishipa vya ini, makovu yanaziba njia, damu inatafuta upenyo kupitia mishipa ya koo la chakula, mishipa inatuna na kupasuka. Jambo la kukumbuka ni kwamba ini lenyewe mara nyingi bado linafanya kazi. Mgonjwa huyu, damu ikizuiwa, ana miaka mingi mbele yake. Ndiyo maana kumwacha wodini "tuone kesho" ni uamuzi mbaya.

Weka kanula mbili nene, ya kijivu au ya kijani, usiridhike na ya bluu. Chukua sampuli ya kupatanisha damu kabla hujafungua dripu. Hapa mkono uwe mzito kidogo: lengo ni hemoglobini ya 7 hadi 8 na presha ya juu ikae karibu na 90, mgonjwa akiwa anaongea. Ukimjaza damu hadi 11, shinikizo kwenye mishipa ile linapanda na kidonda kinafunguka upya. Mpe antibayotiki ya seftriaksoni gramu 1. Oktriotaidi, dawa ya kupunguza shinikizo kwenye mishipa hiyo, ikipatikana, anza na mikrogramu 50 kisha mikrogramu 50 kwa saa. Propranololi ni ya kuzuia damu isitoke tena baadaye, isitolewe wakati anavuja na presha iko chini.

Asidi ya traneksamiki, dawa ya kusaidia damu kuganda, iache. Kwa majeruhi, ndani ya saa 3 tangu aumie, inaokoa maisha, na utafiti wa CRASH-2 wa 2010 ulithibitisha hilo. Kwa damu ya tumboni, utafiti wa HALT-IT wa 2020 yenye wagonjwa zaidi ya 12,000 haikuona faida yoyote, ikaona damu kuganda kwenye mishipa kukiongezeka. Dawa ni ileile, mgonjwa ni mwingine, na mazoea ya kuiandika kwa kila anayevuja yanahitaji kuachwa.

Sasa rufaa. Anayehamishwa ni kila aliyetapika damu na bandama kubwa, hata akitulia, kwa sababu anahitaji kuangaliwa koo na tumbo kwa kamera na mishipa kufungwa. Anayebaki ni yule aliyetapika kidogo mara moja, presha na mapigo ni ya kawaida, hemoglobini haijashuka kwenye kipimo cha pili baada ya saa sita, na bandama haishikiki. Kabla gari halijaondoka piga simu hospitali ya Bugando au Sekou Toure, Mwanza, uulize kama leo kuna mtu wa kamera. Kuuliza tu kama wanapokea wagonjwa hakutoshi. Andika jina la aliyekubali. Muuguzi aende na damu kwenye kasha la baridi, si karatasi peke yake. Mgonjwa alale ubavu wa kushoto njia nzima. Karatasi ya rufaa iseme alipewa nini na saa ngapi, maana daktari wa Mwanza asipojua kwamba uniti ya pili iliisha saa nne, ataanza upya.

Wa ng'ambo ya Sengerema siku hizi wana unafuu, daraja la Kigongo–Busisi la kilomita 3 limeondoa foleni ya kivuko. Lakini daraja halitengenezi kitanda upande wa pili. Simu kwanza.

Kumfufua mtu naweza. Kinachoninyima usingizi ni wale niliowaruhusu kurudi nyumbani. (Daktari, Nyamagana)

Unaogopa mahali sahihi. Mgonjwa anayekufa mbele yako ana watu wanne wakimshughulikia, ila aliyeruhusiwa hana mtu.

Kanuni yetu ya kwanza ni kupima upya mlangoni. Presha, mapigo, upumuaji, joto na oksijeni zilizoandikwa saa tano zilizopita hazimhusu mtu anayevaa viatu sasa. Mapigo ya 118 yasiyo na maelezo hayaendi nyumbani, hata mgonjwa akisema amepona na ndugu wamekwisha kodi bajaji. Pili, mtembeze. Mzee aliyeletwa kwa kizunguzungu na anayejisikia vizuri kitandani, mtembeze hadi chooni na kurudi. Akipepesuka, au oksijeni ikishuka, bado hujamaliza naye.

Tatu ni mtego wetu wenyewe: MRDT (kipimo cha haraka cha malaria) chanya. Kipimo kile kinaweza kubaki chanya kwa wiki kadhaa baada ya malaria kutibiwa, kwa hiyo mstari wa pili hauelezi lazima ugonjwa wa leo. Tunamzungumzia hasa binti wa miaka 13 anayetapika, amekonda, anakojoa sana na anapumua kwa kina na haraka huku mapafu yakiwa safi. Anapewa dawa ya malaria na dripu, anarudishwa nyumbani, anarudi akiwa hajitambui. Dalili zake zilikuwa za kisukari, na sukari ya kidoleni inachukua sekunde chache. Pima kwa kila anayetapika, kila anayepumua haraka, kila aliyechanganyikiwa, bila kufikiri mara mbili.

Wazee wenye maumivu ya tumbo, waongezee kipimo cha moyo. Mwanamke wa umri wa kuzaa mwenye maumivu ya tumbo au aliyezimia ana mimba hadi mkojo useme hapana, hata kama amesema yuko kwenye siku zake.

Mwisho, maneno ya kuaga. "Ukizidiwa urudi" haina maana, kila mtu ana kiwango chake cha kuzidiwa. Sema kwa lugha ya mgonjwa: ukitapika mara tatu, ukishindwa kunywa uji, ukiona damu, rudi usiku huohuo, usisubiri kukuche. Mwambie na ndugu yake, kisha mwombe ndugu akurudishie maneno hayo. Akikosea, wewe ndiye hukueleza. Andika ulichosema.

Tunapokea daktari mpya kila mwaka. Wengine wanatuamrisha kama watoto, wengine wanajificha chumbani. Tufanyeje? (Muuguzi kiongozi, Sengerema)

Dada, siku ya kwanza mkalishe dakika kumi na umwambie mambo matatu: nani hupigiwa usiku, dawa gani haipo mwezi huu, na kwamba muuguzi akisema "daktari, njoo sasa" anainuka kwanza, anauliza baadaye. Anayejificha mara nyingi anaogopa. Mpe kazi ya kupita vitandani nawe kila saa mbili, mkitaja kwa kila mgonjwa anasubiri nini. Wa kuamrisha mwite pembeni, usimkosoe mbele ya ndugu wa mgonjwa.

Mimi ni mzazi. Nitajuaje kama anayemtibu mwanangu ni intern? Nikiuliza ni utovu wa adabu? (Mzazi, Igoma)

Si utovu hata kidogo. Muulize: "Samahani daktari, msimamizi wako leo ni nani?" Intern, daktari aliye kwenye mwaka wa mafunzo baada ya chuo, anatibu chini ya uangalizi, na aliyefundishwa vizuri atataja jina bila kununa. Baada ya miezi hiyo 12 ndipo Baraza la Madaktari Tanganyika humsajili kikamilifu, na bingwa husajiliwa kwa ubingwa wake.

Majeruhi amekuja bila PF3 na ndugu wanaambiwa waende polisi kwanza. Ninaruhusiwa kuanza? (Daktari, Bukoba)

Anza. Fomu namba 3 ya polisi ni ya ushahidi, na damu haisubiri ushahidi. Polisi wapigiwe simu huku wewe unatibu, fomu itaingia baadaye. Unapoijaza andika ulichokiona: kidonda kiko wapi, urefu kwa sentimita, kingo zimenyooka au zimechanika. Usiandike "amekatwa na jirani", andika "anaeleza kwamba". Aliyemkata ni kazi ya mahakama. Weka jina lako kwa herufi zinazosomeka, namba yako ya usajili na saa uliyompima, kwa sababu utaitwa kutoa ushahidi miaka miwili baadaye na karatasi hiyo ndiyo itakayokumbuka kwa niaba yako.